Kwa nini kadi za karatasi bado zinatunzwa, na mkunjo usiopasuka unapatikanaje?

MamaBahasha (Moshi):

Wanajukwaa wenzangu, habari za leo. Nina duka dogo la vifaa vya shule na ofisi hapa Moshi, na kwa miaka mitatu sasa, pembeni ya mashine ya kutolea nakala, ninauza kadi ninazozitengeneza mwenyewe usiku watoto wakishalala. Kadi zenyewe si za ajabu. Ni karatasi ya manila iliyokunjwa katikati, na juu yake nabandika vipande vya maganda makavu ya mgomba nilivyovikata kwa mkasi mdogo vikatoa umbo la mama mwenye mtungi, au mbuyu, au Mlima Kilimanjaro, ambao theluji yake naitengeneza kwa ganda la kitunguu saumu, kwa sababu karatasi nyeupe ikiwekwa pale huonekana kama kiraka.

Nilipoanza, mume wangu aliniambia kwa upole kwamba napoteza manila, kwa kuwa siku hizi sikukuu ikifika kila mtu anapokea kwenye simu picha ya mshumaa na maneno ya baraka, tena mara nyingine picha ile ile kutoka kwa watu kumi na wawili. Sikuwa na la kumjibu. Lakini kadi zinanunuliwa, si nyingi, na wanunuzi si wazee peke yao kama nilivyotarajia. Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alisimama mbele ya kaunta karibu robo saa akichagua kadi ya kumpelekea mama yake aliyelazwa, kisha akaniomba kalamu, akaandika mstari mmoja, akaupuliza ukauke ijapokuwa kalamu ilikuwa ya biki. Nami nyumbani bado ninayo kadi ya Krismasi ya mwaka 1994 kutoka kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu, iliyofika kwa sanduku la posta la parokia na kuning'inizwa sebuleni kwenye uzi pamoja na nyingine kama nguo zilizoanikwa. Salamu za simu za mwaka juzi tu siwezi kukuonyesha hata moja.

Basi nina maswali mawili. Kwanza, ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu aitunze kadi? Ninauliza kama mfanyabiashara, nijue niweke nini na niache nini. Pili, manila nene inanipasukia kwenye mkunjo na kuonyesha nyuzi nyeupe, na gundi inaikunjamanisha. Katika oda ya kadi 100 za mwaliko wa kipaimara nililazimika kutupa 40, na faida yote ikaishia hapo.

FundiJalada (Dar es Salaam):

Dada, pole kwa hasara hiyo. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, kwa hiyo naomba nianze na swali la pili, ambalo angalau lina jibu.

Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Rojo ya nyuzi inapomwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, nyuzi nyingi hulala kufuata upande ambao mashine inaelekea, kama mwani unavyolala kufuata mkondo maji yanapokupwa. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unatoka laini. Ukikunja kwa kuzikatiza, unazivunja, na hizo nyeupe unazoziona ndizo zilizovunjika. Ili kuujua mwelekeo, chukua manila nzima uipinde kidogo bila kuibonyeza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pindo litakalokubali kwa urahisi ndilo lililo sambamba na nyuzi. Ukibaki na shaka, kata kipande cha mraba cha inchi mbili, kiloweshe upande mmoja, nacho kitajiviringa kama mkeka. Urefu wa mkeka huo ndio mwelekeo wa nyuzi. Wengi wetu huikata manila kwa namna itakayotoa kadi nyingi, halafu tunamlaumu aliyeitengeneza.

Jambo la pili ni mstari wa kukunjia. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina gramu 80 kwa mita ya mraba na hukunjika kwa kidole tu, lakini kadi ya kusimama mezani bila kulegea inahitaji gramu 200 hadi 300, na hapo mstari haukwepeki. Tandika gazeti, weka rula ya chuma, pitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino mara mbili bila kukata. Mfereji utabonyea upande uliouchora na kutokeza kigongo upande wa pili. Kunja ili kigongo kibaki ndani ya kadi. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu mfereji unaonekana kama unaita kukunjiwa ndani.

Kuhusu gundi, ya maji huzitanua nyuzi za upande ulioloa wakati upande wa pili umetulia, ndiyo maana karatasi inapinda. Piga maganda ya mgomba pasi ya moto mdogo yalale, paka gundi nyembamba kwa brashi kwenye ganda, si kwenye manila, kisha laza kadi kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi.

Swali lako la kwanza nitaligusa kwa mbali. Pale Iringa kuna kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambacho mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi, na miongoni mwa kazi zao ni karatasi ya kinyesi cha tembo. Tembo husaga chakula chake kwa uzembe, hivyo nyuzi nyingi hutoka kama zilivyoingia. Huoshwa, huchemshwa, hupondwa, kisha rojo huchotwa kwa fremu yenye wavu, karatasi mojamoja. Nimewahi kumpa mgeni kadi ya karatasi hiyo, na kabla hajaifungua aliinusa. (Hainuki.) Lakini kilichonivutia kama fundi ni kwamba karatasi ya mkono haina mwelekeo: nyuzi zimelala ovyo kila upande, hivyo unaikunja utakavyo. Mtu asiyejua lolote kuhusu nyuzi huigusa tu akajua kwamba haikutoka mashineni, na nadhani kutunza kunaanzia hapo.

MwalimuMstaafu (Kisumu):

Fundi ameeleza vizuri, nami nitaongezea kutoka upande wa wapokeaji, maana nimewaona wengi.

Kwetu Kenya, kadi iliyotia fora kuliko zote haikuwa ya Krismasi bali ya kumtakia mtahiniwa heri. Katika miaka ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, muhula wa tatu ulipoanza kila kibanda kando ya barabara kilijaa kadi hizo, nyingine kubwa kama sinia, nyingine zikiimba kwa betri ndogo mpaka ziishiwe sauti katikati ya somo la hisabati. Baadaye masharti ya mitihani yalikazwa, na mwaka 2016 ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu zikapigwa marufuku shuleni, hivyo shamrashamra zilipungua. Ila kabla ya hapo, darasa la nane lilikuwa na desturi moja ya kikatili: watoto walizihesabu. Huyu ana kumi na saba, yule tisa, na nyuma kabisa ameketi mmoja asiye na hata moja.

Mwaka mmoja nilinunua kadi ndogo, nikamwandikia mvulana wa namna hiyo maneno mawili matatu na kumalizia, «Mwalimu wako.» Alinishukuru. Wakati wa mapumziko alirudi ofisini akiwa ameificha ndani ya daftari, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumwandikia nyingine isiyo na jina la aliyeituma. Nilimwandikia. Ile yenye jina hakunirudishia. Alikuwa nazo mbili sasa, na hesabu ilipofanywa alionyesha moja tu.

Kwa hiyo mama, usichape maneno ndani. Acha ukurasa mtupu, wala usiogope utupu huo, kwa sababu mnunuzi anayejua kuandika mstari mmoja wa kweli ataushukuru, na asiyejua atajifunza akiwa amesimama hapo kaunta kama huyo kijana wako. Na kama una jamaa huku Ziwa Victoria, mwulize kuhusu karatasi ya magugu maji. Mmea uliowatesa wavuvi wetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 sasa kuna mafundi wanaoutengenezea kadi.

MzeeWaHesabu (Dodoma):

Mimi mniwie radhi. Kadi pekee ninayoletewa mkononi ni ya mchango wa harusi, na nikiiona bahasha tu moyo unashtuka, kwa sababu najua kamati itapiga simu Ijumaa. Hiyo nayo ninaitunza, lakini kwa kuogopa kuipoteza kabla ya kulipa. Dada, hujatuambia kadi moja inakuchukua dakika ngapi na unaiuza kiasi gani. Bila hesabu hiyo, haya yote ni mazungumzo ya sebuleni.

BintiWaKilwa (Leeds):

Nimesoma nikiwa zamu ya usiku, nikaona niandike, kwa kuwa ninaishi katika nchi ambako kadi ni sehemu ya adabu. Hapa Uingereza kuna kadi ya kupona, ya kuhama nyumba, ya kumaliza kazi, hata ya msiba, na ukiacha wadi moja kwenda nyingine utapewa kadi iliyozungushwa kwa siri kila mtu akaandika neno, hata daktari ambaye hamkuwahi kusalimiana.

Lakini naomba tusiipambe sana historia yake. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa, mwaka 1843 mjini London, ilitokana na bwana mmoja, Henry Cole, ambaye alielemewa na barua za kujibu. Posta ya peni moja ilikuwa imeanza mwaka 1840, barua zikawa nyingi, naye akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja ya kutuma kwa wote. Zilichapwa nakala 1,000 hivi, na zilizouzwa ziligharimu shilingi moja kila moja, bei ambayo kibarua wa siku hizo asingeweza kuimudu. Picha yenyewe ilileta manung'uniko, kwa sababu ilionyesha familia ikinywa mvinyo pamoja na mtoto. Maana yake, kadi ilizaliwa kama njia ya mkato ya mtu asiyetaka kuandika barua. Ilikuwa ile picha ya mshumaa ya zama zake. Ni baada ya kuja njia fupi zaidi ndipo ile ya zamani ikaanza kuonekana kama juhudi.

Kuhusu kwetu, nina wazo ambalo Mwalimu atanisahihisha. Kadi ya rambirambi haikushika mizizi Kilwa kwa sababu msibani watu hufika wenyewe, wanakaa jamvini, wanapika, wanalala. Anayetuma kadi wakati angeweza kufika atasemwa. Iliyoshika ni ya mtu asiyefikika: mtoto wa bweni, mgonjwa aliye hospitali ya mbali, sisi tulio ughaibuni. Mama yangu alinitumia kadi ya Idd iliyochukua wiki tano njiani. Alikuwa ameiandika kwa penseli, akafuta neno moja na kuliandika upya, na chini ya lile jipya bado ninalisoma la kwanza.

MamaBahasha (Moshi):

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Nimefanya jaribio la kipande kilicholoweshwa, na kweli kimejiviringa kinyume kabisa na nilivyokuwa nikikunja miaka yote mitatu. Nikikata kwa kufuata nyuzi, manila moja inanipa kadi sita badala ya nane, lakini sita zote ni nzima. Maneno ya ndani nimeyaondoa, nami nimefunga kalamu kwenye kaunta kwa uzi wa katani, maana zile za kuazima zilikuwa haziachi kupotea. Binti wa Kilwa, hilo la neno lililofutwa limenifanya niweke na penseli.

Mzee wa Hesabu, kadi moja inanichukua dakika 25, na naiuza shilingi 2,000. Ukishapiga hesabu, tafadhali usiiweke hapa, mume wangu naye huingia humu.