Kampuni ikifilisika, michezo yake iwe ya nani? Mjadala kuhusu Toaplan

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, hoja yangu ni kwamba mchezo wa video ambao mwenye haki hauuzi tena uruhusiwe kunakiliwa na maktaba na makumbusho bila kuomba kibali. Mfano wangu ni Toaplan ya Tokyo, iliyoanza mwaka 1984 na kujijengea jina kwa michezo ya ndege za kivita kama Tiger-Heli (1985) na Truxton (1988), iliyochezwa kwa sarafu katika kumbi za burudani. Mchezo wa Street Fighter II ulipotoka mwaka 1991, wachezaji wengi walihamia kwenye mapigano ya ana kwa ana, na mwaka 1994 Toaplan ikafilisika. Baadhi ya wafanyakazi wake walikwenda kampuni ya Cave, wakauendeleza mtindo wa mchezo wao Batsugun (1993) wa kujaza skrini nzima risasi. Mashine zilibaki zikizeeka. Japani huilinda kazi ya kampuni kwa miaka 70 tangu itolewe, kwa hiyo Tiger-Heli inalindwa hadi mwisho wa 2055. Sidhani kama bodi nyingi za saketi za 1985, zinazobeba mchezo ndani ya mashine, zitafika huko zikiwa nzima.

Mchangiaji:
Mleta mada, kwa heshima naomba kutofautiana nawe, tena kwa mfano wako huohuo. Masahiro Yuge, aliyekuwa mtunzi wa muziki Toaplan, alianzisha mwaka 2017 kampuni ya Tatsujin, iliyokuja kushika haki za michezo ya Toaplan. Embracer, kampuni ya michezo ya video ya Uswidi, ikainunua mwaka 2022, na mwaka uliofuata Truxton na Zero Wing zikauzwa upya kwa ajili ya kompyuta. Nani angeweka fedha zake hapo kama nakala za bure zimeruhusiwa kisheria? Isitoshe, sheria ya Japani yenyewe hukomesha hakimiliki pale kampuni inapovunjwa na mali yake ikastahili kuangukia hazina ya serikali. Kwa hiyo mchezo usiobaki na mwenyewe tayari huwa huru, lakini haki za Toaplan zina mwenyewe.

Mleta mada:
Nashukuru, ndugu. Hata hivyo, kati ya kufilisika na kuanzishwa kwa Tatsujin ilipita miaka 23, na waliofanya kazi ya kuhifadhi wakati huo ni watu wa kujitolea, hasa wa MAME, mradi ulioanza mwaka 1997 wa kuiga mashine hizo ndani ya kompyuta. Wala sikusema kila mtu agawiwe nakala. Marekani huziruhusu maktaba kuvunja kufuli za kidijitali ili kuhifadhi michezo, mradi ichezwe ndani ya jengo, na ombi la kulegeza sharti hilo lilikataliwa mwaka 2024. Mimi ningelikubali sharti hilo, maana anayekaa makumbusho nusu saa akicheza Truxton hajamnyima Embracer mteja.