Naombeni msaada kutofautisha mimea ya majini yenye maua hapa Mwanza (gugu maji, yungiyungi na wenzake)

Mwl_Nyegezi

Habari za leo wakuu. Naandaa somo la vitendo la Baiolojia kwa kidato cha tatu. Nataka wanafunzi watambue mimea ya majini kwa kukagua viungo vyake, sio kwa kukariri picha. Nimekusanya sampuli saba kando ya Ziwa Victoria, kati ya Luchelele na Igombe. Picha zinagoma kupanda, kwa hiyo nazieleza kwa herufi.

A – linaelea, ua la zambarau. Nililolitoa maji ya wazi lina vikonyo vilivyovimba kama puto. Jingine nimelitoa kwenye rundo nene, vikonyo vyake vyembamba na virefu hadi gotini. Ni mimea miwili tofauti?
B – jani la mviringo lililopasuka upande mmoja, pana kama sinia, limelala juu ya maji. Ua jeupe, ila saa saba mchana lilikuwa limefumba.
C – kama B lakini jani linaenea kiganjani. Ua jeupe dogo lenye manyoya.
D – shina linatambaa juu ya maji, ua la njano, na kwenye vifundo kuna vitu vyeupe laini kama sponji.
E – limetoka na nyavu, liko chini ya maji muda wote, sijaona ua.
F – yale marefu ya ukingoni. Kila mtu anayaita matete lakini naona si aina moja.
G – vijani vidogo vinavyoelea, ukigusa ni kama kitambaa cha velveti.

Pia naomba kujua jinsi ya kuzikausha. Nilizobana kwenye kitabu zimeoza.

Chapa_Kasia

Mwalimu, A ya pili sio gugu maji. Gugu maji lazima liwe na puto, bila puto haliwezi kuelea. Hiyo itakuwa jamii nyingine.

Lenzi_x10

Hapana mkuu Chapa_Kasia, hapo ndipo wengi wanapoangukia. Ni mmea mmoja, *Pontederia crassipes* (vitabu vya zamani vinaandika *Eichhornia crassipes*). Likiwa peke yake kwenye maji ya wazi, kikonyo hufupika na kuvimba. Likibanana na wenzake hunyanyuka kutafuta mwanga, kikonyo kinarefuka na ule uvimbe unapotea. Bado linaelea kwa sababu kikonyo chote, hata kile chembamba, ndani ni sponji. Kikate kwa wembe kwa urefu utaona vyumba vya hewa vimejaa toka juu hadi chini.

Kwa hiyo puto lisiwe kigezo. Kagua mambo matatu yasiyobadilika. Kwanza mizizi: inaning'inia majini, myeusi yenye uzambarau, imechanua kama unyoya wa ndege. Pili, vuta mmea mmoja taratibu uone kama unakuja na mwenzake, maana mama na mtoto wameungana kwa kikamba kinachotambaa kwa ulalo. Tatu ni ua lenyewe. Lina vipande sita vya zambarau hafifu, na kile cha juu kabisa kina doa la njano lililozungukwa na bluu, kama jicho la mkia wa tausi. Stameni (vijiti vya dume vinavyobeba chavua) ni sita, tatu ndefu na tatu fupi. Hilo jicho wanafunzi hawalisahau.

Ua moja halidumu, siku moja au mbili limenyauka. Kisha bua la maua linapinda kuelekea majini kumwaga mbegu. Ukikuta mabua yaliyopinda hivyo usidhani yamevunjwa na mawimbi.

Nyongeza ndogo: kwenye majani utaona vidoa vilivyopauka vya milimita chache, kama mtu amekwangua kwa ukucha. Sio ugonjwa. Ni alama za mdomo wa mbawakawa wa jenasi *Neochetina*, waliopandikizwa ziwani miaka ya 1990 kupunguza gugu hili.

Funjo_Kavu

Kabla hatujaendelea na herufi, mwalimu, badilisha mpangilio wa maswali utakayowapa watoto. Wakianza na "ua lina rangi gani" watapotea. Zambarau ipo kwenye gugu maji, ipo pia kwenye *Ipomoea aquatica*, ndugu yake kiazi kitamu anayetambaa majini, ambaye ua lake ni faneli moja isiyogawanyika, shina lina uwazi ndani na ukilikata linatoa utomvu mweupe. Nyeupe ndiyo usiseme.

Swali la kwanza liwe: mmea umekaaje? Unaelea huru, umejishika chini huku majani yakielea, umezama wote, au umesimama nje ya maji? Swali la pili: kikonyo kimeshika jani wapi, na ukingo wa jani ukoje? Swali la tatu: geuza jani, upande wa chini ukoje? Ua liwe la mwisho, na hapo wahesabu petali kwanza kabla ya kutaja rangi.

Sasa B. Yungiyungi tulizonazo hapa ni mbili kuu. Nyeupe ni *Nymphaea lotus*, ya bluu ni *Nymphaea nouchali*. Lakini usisubiri ua, pitisha kidole kwenye ukingo wa jani. Jani la *lotus* lina meno makali yanayofuatana kama msumeno mdogo, kuzunguka jani zima. La bluu lina ukingo laini, au limejikunja mawimbi kidogo karibu na ule mpasuko. Geuza: *lotus* ina mishipa iliyotuna sana chini, kama wavu uliobandikwa, unaweza kuihisi hata ukifumba macho.

Kuhusu ua kufumba saa saba: hilo lenyewe ni jibu. *Lotus* hufunguka jioni, hukesha wazi, na asubuhi ikishakolea linafumba. La bluu ni kinyume chake, hufunguka asubuhi na kufumba alasiri. Ukipeleka darasa saa nane mchana, *lotus* utalikuta limefumba. Fika saa tatu au saa nne asubuhi, una nafasi nzuri ya kuyakuta yote mawili wazi.

Ukipata ua la kila aina, lipasue katikati kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Angalia ncha za stameni. Kwenye la bluu, juu ya sehemu yenye chavua kuna kiulimi kidogo chenye rangi ya petali. Kwenye *lotus* hakipo, stameni inaishia pale pale penye chavua.

Mwl_Nyegezi

Shukrani sana. Nimepitisha kidole kwenye B, ina meno kweli. C je? Jani lake halina meno, nikadhani ni yungiyungi ya bluu changa.

Funjo_Kavu

Umesema ua lina manyoya, hiyo sio yungiyungi hata kidogo. Ni *Nymphoides indica*, na wala si wa familia moja na yungiyungi. Fuata kikonyo cha jani kutoka majini kwenda juu. Kwenye yungiyungi, kila ua na kila jani lina kikonyo chake kinachotoka chini kabisa topeni. Kwenye *Nymphoides*, maua yanachomoza kwa kishada karibu sana na jani, sentimita chache tu chini yake, kana kwamba jani limebeba maua kwapani. Petali zake mara nyingi ni tano, nyeupe, kitovu cha njano, na uso wa petali umejaa nyuzi kama taulo. Yungiyungi ina petali nyingi zilizopangana tabaka kwa tabaka, na sepali (vijani vya nje vinavyofunika ua) nne.

Kama ua halipo, ng'oa jani pamoja na urefu wote wa kikonyo. Usikate juu juu. Sampuli ya jani tupu la mviringo haina thamani, hata mtaalamu atabaki anakisia.

Lenzi_x10

D ni *Ludwigia stolonifera*. Hivyo vitu vyeupe ni mizizi ya hewa inayosaidia shina lielee. Hesabu petali, ziwe tano. Ukikuta ndugu yake aliyesimama wima ukingoni mwenye petali nne, huyo ni *Ludwigia* mwingine. Na ukishika nyuma ya ua utakuta ovari (kifuko cha mbegu) imekaa chini ya petali, ndefu kama kikonyo kinene. Watoto huidhani kikonyo, wapasue waone mbegu ndani.

Ua la njano lenye midomo miwili na kijimkia chenye ncha nyuma, limesimama kwenye kijiti chembamba kinachotoka majini, ni *Utricularia*. Vuta sehemu ya chini uone vifuko vidogo kama punje za ulezi, hiyo ndiyo mitego yake ya kunasia wadudu wa majini.

Mtumbwi_wa_Pili

Kwa E tumia vidole na lenzi. Kata kipande cha shina kama urefu wa kidole, kiweke kwenye sahani nyeupe yenye maji. Usikague kikiwa nje ya maji, kinajikunja chote na huoni kitu.

Majani yakiwa yamezunguka shina kama vijiti vya mwavuli, na kila jani linagawanyika kama panda ya manati mara moja au mbili, ni *Ceratophyllum demersum*. Halina mizizi kabisa, na likibonyezwa linavunjika. Majani yakizunguka shina lakini hayagawanyiki, ukipitisha kidole kutoka nchani kwenda shinani yanakwaruza, hasa mshipa wa kati upande wa chini, ni *Hydrilla*. Yakiwa yanachoma kama miiba na sehemu ya chini ya jani imepanuka kukumbatia shina, ni *Najas*. Kama ni utepe mrefu unaotoka chini moja kwa moja bila shina, ni *Vallisneria*, na huyo tafuta kijiti chembamba kilichojizungusha kama springi, ndicho kinachobeba ua jike.

Maua ya hawa wote ni madogo mno, kwa kidato cha tatu msihangaike nayo.

F fupi tu: zungusha bua kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, halina pingili, limejaa ndani, na juu limechanua nyuzi kama fagio, ni mafunjo (*Cyperus papyrus*). Bua la duara lenye vifundo na uwazi ndani, ni matete ya kweli (*Phragmites*). Lenye kitu cha kahawia kama soseji juu ni *Typha*. Kama kati ya soseji na sehemu ya dume iliyo juu yake kuna nafasi ya bua tupu, ni *Typha domingensis*. Kuna pia nyasi ndefu inayolala juu ya maji, ala zake (sehemu ya jani inayokumbatia bua) zina nywele zinazowasha. Hiyo ni *Vossia*, usiikumbatie bila nguo ya mikono mirefu.

Chapa_Kasia

Nimekosolewa nimekubali 😄 Na G?

Lenzi_x10

Mwalimu atuambie: vijani vimekaa kama ua la kabichi, au viwili viwili kwenye kishina kimoja?

Mwl_Nyegezi

Viwili viwili. Chini kuna kitu kama mizizi ya kahawia.

Lenzi_x10

Basi hiyo ni *Salvinia*, na itoe kwenye orodha ya mimea ya maua. Ni jamii ya kangaga, haitoi ua wala mbegu. Hiyo "mizizi" ni jani la tatu lililochanika na kuzama. Ile ya kabichi ndiyo *Pistia*: majani mapana yasiyo na kikonyo, yenye mifereji ya urefu, na ua lake ni kijitu cheupe kilichojificha katikati ya majani. Ukizipanga pamoja mezani ni somo zuri, kwa mbali zinafanana kabisa.

Funjo_Kavu

Kuhusu kukausha. Mimea ya majini ina maji mengi, kitabu hakifai. Tumia magazeti na mbao mbili zenye uzito juu, kama kilo kumi hivi. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tano za mwanzo, ukiruka siku moja ukungu unaingia. Kikonyo cha gugu maji kipasue kwa urefu utoe nusu. Ua la yungiyungi likate vipande viwili, na weka karatasi ya tishu katikati ya petali zisigandane. Mimea iliyozama kama E iache ielee ndani ya beseni la maji: tumbukiza karatasi ngumu chini yake, ipange kwa brashi ikiwa inaelea, kisha nyanyua karatasi taratibu ukiinamisha upande mmoja maji yatoke.

Kwenye lebo andika tarehe, mahali, kina cha maji, saa ua lilipokuwa wazi na rangi yake. Rangi ya bluu inapotea ikikauka, na saa haisomeki kwenye mmea uliokufa.

Mtumbwi_wa_Pili

Na watoto wasiingie majini. Konokono wa kichocho hupenda hayo magugu, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali mchana. Tumia reki yenye mpini wa mita mbili au tatu ukiwa juu ya mwamba au gati, glovu ndefu, na atakayelowa ajifute kwa taulo papo hapo. Kwenye mafunjo mazito angalia kiboko kwanza. Kisiwa cha Saanane usichume kitu, ile ni Hifadhi ya Taifa.

Gugu maji na Salvinia mkimaliza msizimwage mtaroni. Zianike juani hadi zikatike kwa mkono, halafu zichomwe. Mbegu za gugu maji hukaa topeni miaka mingi zikisubiri maji.

Mwl_Nyegezi

Nimeikagua E kwenye sahani. Majani hayagawanyiki, manne au matano kila kifundo, na yanakwaruza kweli nikitoka nchani.

Mtumbwi_wa_Pili

Hydrilla. Ila nyavu huleta mchanganyiko, tenganisha rundo zima kwenye beseni kabla ya kuandika lebo. Mara nyingi Ceratophyllum huwa imejisokota humo humo.