Kinga ya grafini: bamba linafyonza mawimbi au linayarudisha?

Kisanduku
Ndugu zangu, nimetengeneza bamba la epoksi (gundi inayoganda kuwa ngumu) lenye unene wa milimita 2, lililochanganywa na vipande vyembamba vya grafini, yaani kaboni inayopitisha umeme, nikalipima kwa mawimbi ya redio ya kati ya GHz (gigahezi) 8.2 na 12.4. Kinga yake, yaani uwezo wa kuzuia mawimbi, kwa jumla ni desibeli 30 (kila desibeli 10 hupunguza nguvu ya wimbi mara kumi), ambapo 6 ni za kuakisi na 24 za kufyonza. Nimelifanya kifuniko cha kisanduku cha kikuza mawimbi. Mawimbi ya nje hayaingii tena, lakini sakiti za ndani zinaingiliana zaidi ya zilivyokuwa chini ya kifuniko cha plastiki tupu. Bamba linalofyonza kiasi hicho linasababishaje hali hii?

Mpimaji
Halifyonzi kiasi unachodhani. Zile desibeli 24 zinahesabiwa kwa nguvu iliyokwisha kupenya uso wa bamba, si kwa nguvu yote iliyolifikia. Desibeli 6 za kuakisi maana yake ni kwamba robo tatu ya nguvu imerudishwa pale pale usoni. Robo iliyobaki ndiyo inayofyonzwa karibu yote, na asilimia 0.1 tu ikavuka. Robo tatu hizo zinarudi kwenye sakiti zako, ilhali plastiki tupu ilikuwa ikiziachia zitoke. Kuliita bamba la namna hii "la kufyonza", eti kwa kuwa 24 ni kubwa kuliko 6, ni mazoea mabaya ya ripoti nyingi.

Kisanduku
Basi nipunguze grafini?

Tabaka
Si katika bamba zima. Vipande vikiwa vichache mno havigusani, na umeme hukosa njia. Kwenye GHz 10, mchanganyiko wenye upitishaji wa umeme wa simensi 100 kwa mita hupunguza wimbi kwa takriban desibeli 9 katika kila nusu milimita. Upitishaji ukishuka hadi simensi 1 kwa mita, punguzo hilohilo litahitaji zaidi ya milimita 5. Afadhali upange tabaka: upande unaoelekea sakiti uwe na grafini kidogo, au uwe wa povu, ili wimbi lisikutane na badiliko la ghafla, kisha uongeze grafini kadiri unavyoelekea nje.

Mpimaji
Nakubaliana na Tabaka. Ila kabla hujamwaga bamba jipya, pima nyuso zote mbili za hili ulilonalo, kwa sababu epoksi inayoganda polepole huacha grafini izame. Ukikuta uso wa nje unaakisi kidogo kuliko wa ndani, geuza kifuniko kwanza ili uso huo uelekee sakiti.