Tupeane uzoefu: juisi baridi za nyumbani na majagi ya kioo ya zamani

Mama Isevya, Tabora
Wadau, joto la Septemba na Oktoba hapa Tabora mnalijua. Uzi huu ni wa wanaotengeneza juisi wenyewe na kuwapa wageni kwenye majagi ya kioo, bilauri na glasi za mguu zilizokaa kabatini tangu enzi za wazee. Leteni vipimo, hizo za "weka kiasi" hazimsaidii mtu.

Naanza na ukwaju. Robo kilo kwa maji lita moja na nusu, chemsha dakika kumi kwenye sufuria ya stili. Sufuria ya alumini haifai, asidi inaila na juisi inapata ladha ya chuma. Ponda kwa mwiko, usitie blenda, maana mbegu zikisagika zinaacha uchungu. Chuja mara mbili, ya pili kwa kitambaa safi. Sukari gramu 200 iingie ikiwa bado ya moto. Ukiitia kwenye juisi baridi inatuama chini ya jagi: wa kwanza kumiminiwa anakunja uso, wa mwisho anakunywa shira.

Mrina Asali
Wa asali: vikombe viwili vya asali kwa kikombe kimoja cha maji vuguvugu, koroga hadi iwe nyepesi, ndipo uitie kwenye juisi iliyopoa. Ukiimwaga juu ya barafu inakuwa gundi. Asali ya miombo ya kwetu ina harufu nzito, inapatana na ukwaju na tangawizi, ila nanasi inalifunika kabisa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe.

Binti Ujiji
Nanasi la Kigoma likiiva vizuri halidai sukari. Tatizo ni wanaochanganya na maziwa: baada ya muda mfupi yanakatika na kuwa machungu, kwa sababu nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Chemsha vipande dakika tano, poza, ndipo uchanganye. Juisi ya blenda iache kwenye friji dakika 20, engua povu, kisha mimina jagini. Povu likikaukia kwenye kioo chenye nakshi, kulitoa ni kazi ya mswaki.

Tangawizi nayo: gramu 100 kwa lita moja, ikishachujwa iache nusu saa, wanga utatuama. Mimina taratibu, ile nyeupe ya chini ibaki.

Fundi Gungu, Kigoma
Hapo kwenye vyombo ndipo wengi wanaumia. Jagi nene linapasuka kwa sababu upande mmoja umepoa na mwingine bado una joto. Ndani panasinyaa, nje pamekaa vilevile, kioo kinaachia, mara nyingi kitakoni au pale mpini ulipoungwa. Watu wanadhani unene ni uimara. Kwa jambo hili ni kinyume, kwa sababu joto linachelewa kupita. Kwa hiyo jagi lililotoka kuoshwa kwa maji ya moto liache lipoe, lisuuze kwa maji ya bomba, tia juisi ambayo imeshapozwa kwenye chombo kingine, barafu iwe ya mwisho, iingizwe kwa kijiko.

Pitisha kitambaa laini kwenye mdomo wa kila glasi. Kikinasa uzi, glasi hiyo haina kazi tena mezani.

Glasi nzito inayolia muda mrefu ukiigonga kwa ukucha huenda ni kristali yenye madini ya risasi. Kumiminia na kunywa papo hapo ni sawa. Kulaza humo ukwaju au limau usiku kucha, hapana, asidi inavuta risasi. Birika la shaba lisilopakwa bati ndani ni hivyohivyo, tena hilo juisi ya uchachu isiguse hata kidogo.

Ukungu mweupe ni chokaa ya maji: siki na maji vuguvugu nusu kwa nusu, saa moja. Usipotoka, kioo chenyewe kimeshalika, hakuna dawa. Glasi mbili zilizonasana usizivute. Ya juu tia maji baridi, ya chini iloweke kwenye maji vuguvugu, zitaachana zenyewe.

Mgeni Kipalapala
Na umeme ukikatika, mama? Barafu za mifuko za mtaani zinafaa?

Mama Isevya
Kutia kwenye glasi hapana, mwanangu, maji yake huyajui. Zitumie nje ya chombo. Kilo mbili zilizopondwa kwenye ndoo, chumvi kikombe kimoja, juisi iwe kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri. Chumvi inashusha joto la barafu chini ya sifuri, ukiizungusha chupa kila mara inapoa kwa robo saa hivi. Ifute kabla ya kumimina, isije ikadondosha chumvi. Jagi la kioo lisitiwe humo.

Binti Ujiji
Mtungi je? Huku kwetu ziwani haupozi sana.

Fundi Gungu, Kigoma
Unapoza kwa maji yanayovuja kwenye udongo na kukauka nje. Kiangazi cha Tabora hewa ni kavu, yanakauka haraka. Huku ufukweni hewa ina unyevu, kwa hiyo uweke kivulini panapopita upepo, juu ya kigoda, usiuegemeze ukutani. Na ukiwa umepakwa rangi ya mafuta vinyweleo vimezibika, tafuta mwingine.