Tupeane uzoefu: begi la kwenda kusoma nje mlitia nini?

Assalamu alaykum jamaa. Mdogo wangu wa kike anakwenda kusoma Uingereza mwezi wa tisa, na sebule yetu hapa Michenzani, Zanzibar, imejaa mifuko: samli, mchele, mablanketi, hata mbuzi ya kukunia nazi. Tikiti yake inaruhusu begi moja la kilo 23 na la mkononi kilo 7, basi. Mliotangulia nakuombeni mtusaidie kuchambua.

Naanza mimi. Nilisoma Erzurum, Uturuki, kwenye baridi ya kugandisha ndevu, na msimamo wangu ni kuwa makoti yanunuliwe hukohuko. Koti la mitumba la Darajani linakutoa uwanja wa ndege hadi dahalia, si zaidi. Nafasi wapewe vyeti, dawa na ladha ya nyumbani. Plagi zetu za miguu mitatu kule haziingii, nilichukua adapta Mlandege. Uingereza wanatumia kama zetu, kwa hiyo asinunue.

Mwana wa Wete
Samli itoeni leo. Uingereza abiria haruhusiwi kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na samli imo humo. Nilipokwenda Leicester mama alishaniwekea chupa mbili, tukabadilisha kwa achari ya ndimu. Aliipika mpaka rojo likakauka, akaitia kwenye chupa ya plastiki bila kuijaza, kifuniko akakizungushia selotepu, nailoni mbili juu yake, kisha akaiviringisha ndani ya kanga katikati ya begi. Haikuvuja hata tone. Wali mkavu wa dahalia ukiupata na achari ile, unamaliza sahani.

Karafuu nilichukua kipakti cha dukani. Msimtilie za gunia, jamaa: karafuu kwetu ina sheria zake na mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.

Na begi lipimeni nyumbani. Sisi tuliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki kabla ya kupanda boti. Ukipunguza mzigo nyumbani mama yupo, anakwambia kipi kibaki. Ukipunguza kwenye foleni ya uwanja wa ndege unatupa chochote.

Bint Jang'ombe
Mimi nilikuwa Pune, India. Anayekwenda huko asibebe bizari, hiliki wala mchele, vyote vimejaa na bei nzuri. Nguo vilevile. Abebe picha za pasi nyingi na nakala za kila karatasi, maana mwenye viza ya kusoma ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujisajili ndani ya siku 14 tangu afike.

Daktari Mtarajiwa
China: viatu! Ukivaa namba 45 na kuendelea nunua huku, kule utazunguka maduka mpaka uchoke. Halafu WhatsApp haifunguki vivi hivi, kwa hiyo kabla ya safari mtilie mama WeChat kwenye simu yake na umfundishe kupiga. Mama yangu nilimfundisha jioni kadhaa, na ndiyo iliyotuweka pamoja miaka yote ya masomo.

Mama Watatu
Mie nasema kama mzazi. Shirika la ndege lilipoteza begi la mwanangu, likaja baada ya wiki nzima. Vyeti vya asili, barua ya chuo, dawa na nguo za kubadilisha vilikuwa kwenye begi la mkononi, akajisajili chuoni siku yake. Mwambieni binti yetu asikubali kabisa barua ya chuo kukaa kwenye begi kubwa, hata akiambiwa na nani.

Mwenye mada
Ahsanteni sana, samli na mbuzi vimetoka. Ana pumu, dawa abebe za muda gani?

Mwana wa Wete
Za kumtosha miezi ya mwanzo, zikae ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la dawa lenyewe, si la kibiashara tu. Akifika ajiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki hiyohiyo asingoje kuugua. Ile ada ya afya aliyolipa pamoja na viza inamruhusu kutibiwa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya kule. Chuo chake kiko wapi? Scotland na Wales dawa anazoandikiwa ni bure, England kwa kawaida hulipiwa.