Wapolandi na kujiona: uzalendo, kidonda au dharau tu? Tujadili

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Niko Łódź, mji wa huku Poland, mwaka wa sita sasa, nilikuja kusoma, nikamaliza, nikabaki napiga kazi za maghala, na hii mada imenikaa kooni muda mrefu. Swali lenyewe ni hili: hawa Wapolandi wanavyojiona, wana haki ya kujiona hivo, au ni dharau iliyovalishwa bendera? Na msije na "kila taifa lina wazuri na wabaya", hiyo tunaijua tangu darasa la pili.

Nianze na kisa. Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mtu wa kanisa kweli kweli. Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresma huku watu wanakula pączki, ni kama maandazi ya mviringo yana jemu ndani, basi bibi ananiletea sita kwenye sahani, ananikalisha, anataka nile mbele yake. Na kila nikitafuna napewa somo. Kopernik, yule aliyesema dunia ndo inazunguka jua, wetu. Yule mama wa radiamu usimwite Curie tu, sema Skłodowska-Curie, mana kazaliwa Warszawa na ile elementi aliyoigundua, polonium, kaipa jina la nchi hii wakati nchi yenyewe haipo kwenye ramani. Chopin mtunzi wa muziki wa piano, wetu, mwili uko Paris lakini moyo uko Warszawa, na kweli nimeenda nikaona, umejengewa ndani ya nguzo ya kanisa la Msalaba Mtakatifu. Papa Yohane Paulo wa Pili, wetu. Mi naitikia tu huku jemu inanichuruzika mkononi.

Siku moja bomba la jikoni likapasuka, fundi akaja, akaziba ziba akaondoka, baada ya saa moja maji yakaanza tena. Bibi yule yule akashika kiuno akasema "sto lat za Murzynami". Tafsiri yake, tuko miaka mia nyuma ya weusi. Huu ni msemo wao wa kila siku, wanausema kitu kikiwa cha hovyo. Alikuwa ananiangalia mimi usoni wakati anasema wala hakushtuka, akanimiminia chai. Nikacheka nae. Usiku ndo ikaanza kuniuma.

Sasa tusimwonee mtu, hiki kiburi kina chanzo. Urusi, Prussia na Austria waligawana hii nchi kama nyama ya kilo, 1772, 1793, 1795 ikaisha kabisa, hairudi mpaka tarehe 11 Novemba 1918. Miaka 123. Yaani babu anazaliwa, anaoa, anazikwa, mjukuu wake nae vile vile, na wote hawana nchi. Kilichobaki ni lugha, kanisa na mashairi, na washairi wao wakawaambia Poland ndo Kristo wa mataifa, inasulubiwa kwa ajili ya wengine na itafufuka. Haya, wakafufuka, miaka 21 tu Hitler akaingia upande huu na Stalin upande ule. Wakafa raia karibu milioni 6, nusu yao Wayahudi. Warszawa ilipigana siku 63 mwaka 1944 na Mjerumani alipomaliza akaibomoa mtaa kwa mtaa kwa kukusudia. Alafu ile mashine ya siri ya Wajerumani, Enigma, vijana watatu wa hesabu wa Kipolandi walianza kuifungua tangu Desemba 1932, wakawapa Waingereza na Wafaransa ujuzi wote bure Julai 1939, leo muulize mtu yeyote nani kaifungua, atakutajia Mwingereza. Ningekuwa mimi ningenuna mpaka kesho.

Ila hapa ndo ninapokwama. Miaka ya 1930, nchi haijamaliza hata miaka ishirini tangu itoke kwenye kutawaliwa, kulikuwa na Ligi ya Bahari na Makoloni, kufika 1939 ina wanachama karibu milioni moja, na wanadai nini? Makoloni ya ng'ambo. Maandamano, mabango, kila kitu. Mwaka 1937 serikali ikatuma tume Madagascar kwenda kuangalia kama Wayahudi wa Poland wanaweza kuhamishiwa huko. Hebu isome hiyo tena taratibu. Watu waliokaliwa kichwani miaka 123 hawakusema ngazi hii ivunjwe, walisema na sisi tupandisheni. Na mpaka leo mwite Mpolandi "mtu wa Ulaya Mashariki" uone atakavyokurekebisha, ni Ulaya ya Kati bwana, mashariki ni wale wa ng'ambo ya mpaka, Waukraine na Wabelarusi, ambao mabwana wa Kipolandi waliwamiliki kama wakulima wa shamba kwa karne kadhaa. Anachukia Mjerumani akimwangalia kwa juu, yeye akigeuka upande wa pili anaangalia kwa juu vile vile.

Mi msimamo wangu ni huo: ni kidonda, nakubali, lakini kidonda kimefundishwa kuringa. Karibuni.

mtoto_wa_tengeru

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka Tengeru, ile kambi ya wakimbizi wa Kipolandi kule Arusha, na mimi siwezi kunyamaza. Wazungu wa Stalin, ndo babu alivyowaita japo wenyewe walikuwa wanamkimbia huyo Stalin. Walitolewa makwao wakapelekwa Siberia, wakaachiwa, wakapita Uajemi, kuanzia 1942 wakaletwa huku chini ya Meru, kama elfu tano hivi, wengi akina mama na watoto. Makaburi yao yako pale mpaka leo, yamezungushiwa ukuta, yanafagiliwa. Wengine walikuwa Masindi na Koja huko Uganda.

Bibi yangu alisema ndo wazungu wa kwanza aliowaona wamevaa viraka. Walikuwa wanakuja na shuka au kijiko wanabadilishana na ndizi, na Mwingereza alikuwa hapendi kabisa, mana mzungu maskini akionekana anabembeleza ndizi kwa Mmeru heshima ya mzungu inashuka. Sasa watu waliopita hapo unasema wanajiona? Waliokuja juzi juzi kutembelea makaburi, wazee wa watu, walikuwa wanalia na wanaongea Kiswahili cha sokoni. Mi sikuona kiburi pale.

mapande

Yaani umekula maandazi sita ya bibi wa watu alafu unakuja kumlipua huku 😂 wabongo hatuna dogo

kisauni254

Mimi ni mtu wa Mombasa, nitaongeza kimoja mleta mada hakugusa. Wapolandi wana mwandishi wao mkubwa, Henryk Sienkiewicz, Nobel ya 1905. Huyu bwana alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891, akarudi kwao, na 1911 akatoa riwaya ya watoto wawili wa kizungu wanaovuka Afrika. Ndani yake kuna kijana mweusi anaitwa Kali. Ndiyo, kali, neno letu hilo hilo. Sasa huyo Kali anaulizwa ubaya ni nini, anajibu ubaya ni mtu akimchukulia Kali ng'ombe wake, na uzuri ni Kali akichukua ng'ombe wa mtu. Watoto wao wamekisoma shuleni miaka na miaka, mpaka ikawa msemo, mtu akiwa na mizani miwili wanasema ana "maadili ya Kali". Yaani tabia ya binadamu wote wakaibandika jina la Kiswahili. Na ni wao waliotoka kudai makoloni! Nyani haoni kundule.

Lakini mleta mada, ngoja nikugeuzie na wewe. Mabwana wa Kipolandi, karne ya 16 na 17, walidai wao si damu moja na wakulima wao, wao ni Wasarmatia, watu wa nyika wa asili ya Kiirani. Wakawa wanavaa majoho marefu na mishipi ya hariri ya mtindo wa Kituruki na Kiajemi huku Mturuki mwenyewe wanapigana nae, mpaka 1683 mfalme wao Sobieski akaenda kumfurusha Vienna. Haya, kule pwani kwetu ukoo ukitaka heshima ulikuwa unatoka wapi? Shirazi. Si Uajemi huko huko? Na aliyetoka bara aliitwa nani? Mshenzi. Muungwana na mshenzi, hatukuletewa hiyo na Mpolandi. Kwahivo mimi nikiwasoma hawa watu nawaona kama majirani, sicheki sana.

Mleta mada

@kisauni254 hapo kwenye Shirazi umenipiga penyewe, nimeweka simu chini nikatembea kidogo. Na hata lugha yao, mtu usiyemjua unamwita "pan", zamani ilikuwa ya mwenye shamba na watu wake, sasa hivi mpaka muuza tiketi ni pan. Sawasawa na bwana yetu.

@mtoto_wa_tengeru mi Tengeru naijua, na ndo inayonichanganya. Hiyo ndizi ya bibi yako kwanini haiko kwenye somo la maandazi? Kopernik nimeambiwa mara ishirini, Tengeru hata mara moja.

aliyekuwa_kharkiv

Niweke ya kwangu nisepe. Februari 2022 nilikuwa mwanafunzi Ukraine, vita vikaanza, tukakimbilia mpakani. Foleni siku mbili kwenye baridi, weusi na Wahindi tunarudishwa nyuma, lakini semeni ukweli, waliokuwa wananirudisha mimi walikuwa upande ule wa Ukraine. Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28. Nilipovuka mpaka pale Medyka mama mmoja wa Kipolandi akanivua glavu zilizolowa akanivisha za kwake, supu, blanketi, hakuniuliza pasi wala dini. Kesho yake niko Przemyśl, mji wa jirani tu, vijana wamevaa nguo nyeusi wako stesheni wanatafuta watu wa rangi yangu wawapige. Eneo lile lile, saa 24 hazijapita. Na miezi michache kabla ya hapo nchi hiyo hiyo iliwaacha Wairaki na Wasyria msituni mpaka wa Belarus, baadae ikajenga uzio wa chuma wa kilomita 186. Mimi nikiulizwa Wapolandi wakoje nasema sijui, inategemea uliteremka saa ngapi.

mapande

@aliyekuwa_kharkiv pole sana kaka. Nafuta utani wangu

Mleta mada

Pole mkuu, na asante.

Mtu kaniuliza inbox kama nilishawahi kumwambia bibi. Nilimwambia, ila ilinichukua mwaka. Nikamngoja siku amekasirika, kuna Mjerumani kwenye tivii alifanya utani kwamba Mpolandi akipita gari halionekani tena, bibi akawa mwekundu kama nyanya. Nikamwambia bibi si utani tu, kama ule wako wa miaka mia nyuma ya weusi. Akasema ule ni msemo, sio mtu. Nikasema sawa. Hatukuongea tena, akaenda kulisha paka.

Juzi nimepita kumsalimia, mashine ya kufulia imegoma, maji yako sakafuni, ameshika kiuno vile vile. Akaanza "sto lat za..." akaniona, akasimama, nikaona kabisa anatafuta neno. Akamalizia "za Niemcami". Miaka mia nyuma ya Wajerumani.

Sasa wakuu, hayo ni maendeleo au?