Arusha Mjini Desemba 13, 2015: nibebe mzigo wa Lema au wa Monaban?

Muuza_Kilombero
Wakuu habari za Jumamosi. Jumatano alfajiri napanda basi kwenda Kariakoo kuchukua mzigo na nimekwama, naomba mawazo yenu. Kura ya ubunge hapa Arusha mjini si iliahirishwa baada ya mgombea wa ACT kufariki, sasa inapigwa Desemba 13, wiki mbili tu zimebaki. Nataka kujua nani anachukua, Lema wa Chadema au Mollel wa CCM, ndio huyo Monaban, ili nijue nibebe gwanda (zile kombati) na skafu za Chadema au nibebe za kijani na njano za CCM. Kuchanganya sitaki. Nipeni utabiri na sababu zake, ushabiki pembeni jamani.

chalii_wa_UngaLtd
Lema, asubuhi na mapema. Oktoba 25 kwetu diwani kapita wa Chadema, rais watu wamempa Lowassa wa Chadema, sasa watu hao hao wiki saba baadae wageuke wampe Monaban kwa lipi? Beba gwanda mwanangu.

Neema_Njiro
Kaka kabla hujatabiriwa tuambie vizuri. Mtaji shilingi ngapi? Unauza kabla ya kura au unasubiri siku ya kushangilia? Ni hela yako au umekopa? Mbona umeandika kama mtu anaenda kununua nyanya.

Mzee_Kaloleni
Vijana mnaongea kama Arusha imeanza 2010. Mji huu mwaka 1995 ulimpa Makongoro Nyerere kupitia NCCR, mtoto wa Mwalimu mwenyewe, na ndio uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Baadae CCM wakalirudisha na Felix Mrema akakaa. 2010 akaja Lema akamshinda Batilda Burian wa CCM. Hili jimbo linageuka, sio shamba la mtu. Nionavyo Lema ana nafasi kubwa ila msimpe kwa mdomo.

Dereva_Sekei
Mnajadili nani anapendwa wakati suala ni nani atafika kituoni. Oktoba watu walipanga foleni toka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya rais. Safari hii rais keshaapishwa, madiwani washapatikana, imebaki karatasi moja. Machalii wengi wako Mererani migodini, wanachuo wengine walijiandikishia hapa na sasa hivi wako makwao, na sisi wa utalii wageni wa Krismasi wanaanza kuingia. Mimi tarehe 13 ntakua Serengeti na kadi mfukoni, kituo changu kiko Sekei, je kura ntapigia Seronera? Hiyo ni kura ya Lema imeshapotea na niko na wenzangu sita kwenye kampuni hali ni hiyo hiyo. CCM wana mabalozi wa nyumba kumi, mtu wao anafuatwa mlangoni. Hata kama Lema atapita naona tofauti itakua ndogo kuliko mnavyodhani.

chalii_wa_UngaLtd
Kuahirishwa tulishakuona Dereva. Juni 2013 lilipigwa bomu hapa hapa Arusha, viwanja vya Soweto, kwenye mkutano wa Chadema wa kufunga kampeni, watu wakafa, uchaguzi wa kata nne ukasogezwa mpaka Julai. Kaloleni, Themi, Elerai, Kimandolu. Hamna rais kwenye karatasi, hamna mbunge, watu wana hofu, na bado Chadema walibeba zote nne. Sasa hao watu leo watashindwa kutoka kwa sababu ya wageni wa Krismasi?

Dereva_Sekei
Ile ilikua hasira ya damu, watu walitoka kwa uchungu. Usilinganishe. Na kata nne sio jimbo zima, kule pembezoni Terrat na Olasiti hujafika wewe.

HapaKazi_R
Mnasahau kitu kimoja, nchi imebadilika mwezi huu. Magufuli kafuta sherehe za uhuru za Desemba 9 tunafanya usafi, jana waziri mkuu Majaliwa kaingia bandarini kwa kushtukiza amekuta makontena 349 yametoka bila kulipiwa. Huku Lemara watu niliokua nabishana nao Oktoba wanaitetea serikali leo, nawasikia kwa masikio yangu. Mtu wa kawaida anajiuliza, rais kasimama hivi, mimi nimpelekee mbunge wa kumzomea bungeni? Majimbo ya Lushoto na Ulanga nayo yaliahirishwa, wamepiga baada ya Oktoba na zote zimeenda CCM. Beba kijani.

chalii_wa_UngaLtd
Lushoto na Ulanga ni ngome za CCM, hizo hazitabiri kitu. Kumsifia rais hakuna anaekataa, hata mimi nimefurahi ya bandari. Lakini kumpenda Magufuli na kumpigia Monaban ni vitu viwili.

Muuza_Kilombero
Asanteni. Neema mtaji ni milioni moja na laki nane. Nataka kuanza kuuza wiki ya mwisho ya kampeni mpaka siku ya matokeo. Hela ni ya kikoba, natakiwa kurudisha Desemba 20.

Neema_Njiro
Ndio nilichokiogopa. Hela ya kikoba, siku saba baada ya kura, na unaiweka kwenye rangi moja. Hapana kaka.

FundiFulana
Nimesoma nikakumbuka yangu, ngoja niseme labda itakusaidia. 2010, jimbo la mkoa mwingine sitalitaja, mgombea mmoja watu walijaa kwenye mikutano yake mpaka juu ya miti, mtaa mzima unasema huyu kapita. Mimi nina mashine ya kuchapa fulana, nikaona niwahi, nikachukua fulana nyeupe 400 kwa mali kauli kwa muarabu mmoja, nikachapa picha yake na maneno ya ushindi kabisa, kwamba matokeo yakitangazwa tu nazimwaga barabarani kwa elfu sita sita. Kura zilihesabiwa mpaka usiku wa siku ya pili, nimekaa na mabegi nje ya ofisi ya halmashauri, mvua inanyesha, nimefunika na turubai. Wakatangaza mwingine. Pale pale watu wakatawanyika na hakuna aliegeuza hata shingo kuniangalia. Nilizunguka nazo miezi, nikawauzia mafundi ujenzi mia tano tano, zingine zikawa za kudekia. Deni la muarabu nililimaliza 2012 na mke wangu aliuza cherehani yake. Kosa langu halikua kumtabiri vibaya, kosa langu ni kuchapa sura ya mtu. Sura haiuziki akianguka.

Mzee_Kaloleni
Pole sana fundi. Hii ndio habari ya maana kwenye uzi huu.

Neema_Njiro
Pole kaka. Na mimi naongezea, mnauliza nani atashinda wakati mnunuzi ni mwingine. Za kijani zinagawiwa bure, kofia, fulana, kanga, nani atakupa elfu kumi kwa kitu alichopewa juzi? Watu wa Chadema gwanda wananunua kwa hela zao, tena wanashonesha. Kwaiyo hata CCM akishinda ya kijani haitoki. Lakini gwanda nayo, alieitaka si alishanunua toka Agosti?

chalii_wa_UngaLtd
Skafu zitatoka. Na vuvuzela.

Mwanasheria_mtaani
Mnatabiri kura tu, hii Arusha mbunge anaishia mahakamani. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua Lema ubunge, Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Hata 13 ikipita msishangae kesi Januari. Na kule Zanzibar Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, kafuta uchaguzi wote

HapaKazi_R
Zanzibar imeingiaje hapa?

Mwanasheria_mtaani
Imeingia kwa sababu tunaongelea matokeo kuheshimiwa

Muuza_Kilombero
Wakuu msihame jamani mi bado nina safari Jumatano.

MamaWawili_Sombetini
Mdogo wangu mimi nauza nguo mwaka wa kumi na moja, achana na vyama. Januari shule zinafunguliwa, na Magufuli aliahidi elimu bure, wazazi waliokua wanasita wataleta watoto darasa la kwanza. Chukua mashati meupe na sketi za bluu saizi ndogo. Sweta usiguse, kila shule na rangi yake, utakwama nazo.

Muuza_Kilombero
Dada lakini sare si zinaanza kutoka baada ya Krismasi? Kikoba ni tarehe 20.

MamaWawili_Sombetini
Wanaoanza mapema wapo ila wachache, hapo umenishika. Ongea na mwenyekiti wenu akusogezee mpaka katikati ya Januari.

chalii_wa_UngaLtd
Skafu mia mbili tu, nyekundu na bluu. Zisipotoka ntachukua kumi mimi mwenyewe.

Dereva_Sekei
Kumi kati ya mia mbili. Mkuu mashati ya shule mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku hizi dazeni wanatoaje?

MamaWawili_Sombetini
Inategemea kitambaa, usichukue ile laini inaonyesha ndani, wazazi wa hapa kwa baridi hii hawaitaki. Njoo inbox nikuelekeze duka.